Daftari la Saa za Nyumbani

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu anayeishi Ilemba, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo shuleni.)



Nimetoka Ilemba, huko chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, penye joto na mpunga, nikaupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka huku juu kwenye baridi. Nilipofika nilipita kwanza bwenini, kutazama pale nilipolala miaka ile. Nimekuta vitanda vimetandikwa na sakafu imepigwa deki. Ukutani nikaona karatasi ya zamu: nani anafagia, nani anachota maji, nani anasafisha vyoo. Nikasimama mbele ya karatasi ile kwa muda. Nikajiambia, haya ndiyo nitakayoyasema leo.

Katibu alipoandika barua kuniomba nizungumze, alinishauri nizungumzie maendeleo. Nami nazungumzia maendeleo. Ila nitaanzia jikoni. Swali langu ni hili: mtu anayefanya kazi ya mshahara siku nzima, atumie saa ngapi kwa kazi za nyumbani? Na mke na mume wote wakiwa wafanyakazi, nani atumie saa ngapi?

Najua baadhi ya wazee wenzangu wanatabasamu. Wanasema moyoni, "Mwalimu amezeeka, sasa anatufundisha kupika ugali." Nawaomba subira. Kupika ugali mnajua. Tulifundishwa hapa hapa.

Tulivyolelewa hapa

Wenzangu wa miaka ile mnakumbuka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na shule zote zikapata mashamba na zamu za kazi. Tuliamshwa kabla ya jua kwa mchakamchaka. Baada ya hapo kila mtu na zamu yake. Tulichota maji kwa ndoo. Tulisugua vyoo kwa majivu. Jumamosi tulifua kaptula zetu za kaki, tukazipiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo ukasimama kama ukingo wa panga, maana mwalimu wa zamu alikuwa hana mzaha. Mpishi alipougua, viranja walitupanga jikoni, tukasonga ugali wa watu mia kadhaa kwa mwiko mrefu kama kasia. Hakuna aliyesema uanaume wake umepungua. Walioendelea hadi Jeshi la Kujenga Taifa walifanya hayo hayo huko, wakiwa wamevaa sare.

Kisha tukamaliza shule. Tukapata cheti, tukapata kazi, tukaoa. Na hapo, ndugu zangu, likatokea jambo la ajabu. Mikono ile ile iliyojua kufua, kupika na kufagia ikapooza siku ya arusi! Mimi mwenyewe ilinipooza. Haikupona mpaka mwaka 1986, na dawa yake ilikuwa daftari la shule la kurasa 32.

Barua iliyokuwa juu ya meza

Mwaka huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi bondeni, na mke wangu alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati. Tulikuwa na watoto wanne. Mkubwa wa kiume alikuwa na miaka 11, binti anayemfuata miaka 9, na wadogo wawili.

Mwenzangu alifanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Na mkunga wa kijijini hana zamu hasa. Mama akishikwa na uchungu, ndugu zake hawatazami saa. Wanakuja na taa mlangoni. Alikuwa akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, anavua sare nyeupe, anachukua ndoo na kwenda mtoni. Mimi wakati huo nilikuwa nimeoga kwa maji aliyochota jana yake, nimekunywa uji alioupika kabla hajaondoka, na ninaelekea shuleni nikiwa nimevaa shati alilolifua. Niliporudi mchana nilisahihisha madaftari kidogo chini ya mwembe, nikasubiri chakula.

Sikuwa mume mbaya. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Sikunywa pombe kupita kiasi, mshahara niliuleta nyumbani, na sikumpiga mtu. Kwa kipimo cha majirani nilikuwa mfano.

Jioni moja nilikuta barua juu ya meza, imeandikwa kwa mwandiko wake, haijatiwa kwenye bahasha. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Nilipomuuliza, hakulia wala hakupaza sauti. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Baba, kazi mbili siziwezi tena. Moja lazima niiache. Hii ya nyumbani siwezi kuiacha, maana hakuna wa kumwachia. Basi naiacha ile ya zahanati."

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa tumekutana kama ndugu. Jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa ahueni. Nikawaza, vizuri, chakula kitakuwa tayari kwa wakati. Ndipo nikakumbuka taa zile za mlangoni usiku. Mkunga mwingine alikuwa mbali, kwa miguu, na masika mito ya bonde hufurika. Wake za majirani zangu wangejifungua mikononi mwa nani? Serikali ilimsomesha mwanamke huyu kwa kodi za watu, na watu wa bonde walimhitaji. Naye alikuwa anaacha kazi kwa sababu nyumbani kwangu, penye mwanamume mzima mwenye afya, hapakuwa na mtu wa kuchota maji.

Nikamwomba asiipeleke barua ile kwa wiki moja. Nikachukua daftari.

Hesabu ya wiki moja

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu haamini jambo mpaka alihesabu. Wiki ina saa 168. Niliandika kila kazi iliyofanyika nyumbani kwetu, nani aliifanya, na kwa muda gani. Binti yetu alinisaidia kwa kuwa aliona mengi nisiyoyaona.

Mwisho wa wiki nilijumlisha. Mke wangu: zahanati saa 48. Nyumbani, maji saa 9, kuni saa 4, kupika na kuosha vyombo saa 17, kufua saa 4, kufagia na usafi saa 4, kuogesha watoto na kuwauguza saa 6. Jumla ya nyumbani saa 44. Jumla ya kazi zake zote saa 92.

Mimi: shule, pamoja na kusahihisha na kuandaa masomo, saa 45. Nyumbani, kukarabati uzio saa 2, kwenda dukani kununua mafuta ya taa saa 1. Jumla ya nyumbani saa 3. Jumla ya kazi zangu zote saa 48.

Binti yangu wa miaka 9 alikuwa na saa 12. Kijana wangu wa miaka 11 alikuwa na saa 2.

Nikaitazama ile hesabu kama mwanafunzi anavyotazama mtihani alioanguka. Tofauti kati yangu na mke wangu ilikuwa saa 44 kwa wiki. Hizo ni karibu siku mbili nzima, usiku na mchana. Na binti mdogo wa darasa la tatu alinizidi mara nne. Nilikuwa nikisimama mbele ya darasa kuwafundisha watoto habari za unyonyaji, kwamba ni mtu kula jasho la mwenzake. Sasa nikamwona mnyonyaji, na daftari ndilo lililonionyesha.

Tulivyogawana

Usiku ule tulikaa wawili. Nilidhani atafurahi kwa hesabu yangu nzuri. Alisema tu, "Mimi nilikuwa najua bila daftari."

Nikamwambia, "Basi kuanzia kesho nitakusaidia." Akajibu, "Sitaki kusaidiwa." Nikashangaa. Akaeleza: "Ukinisaidia, kazi bado ni yangu. Nitabaki nakukumbusha, nakushukuru, na siku ukichoka inanirudia. Chukua kazi iwe yako."

Vijana, yaandikeni maneno hayo. Yule anayesaidia hungoja kuambiwa. Mwenye kazi yake huona mwenyewe mtungi umebaki na maji robo.

Tulianza kwa kupunguza kazi kabla ya kuigawa. Saa 44 zake, 3 zangu, 12 za binti na 2 za kijana zilifanya jumla ya saa 61. Tukajiuliza zipi zinaweza kupungua. Nilikuwa na baiskeli ambayo niliitumia kwenda kunywa kahawa. Nikafunga madumu nyuma, nikawa naleta kwa safari moja maji ambayo yeye angeyaleta kwa safari tatu kichwani. Tukaokoa saa 5. Maharage tukawa tunayaloweka usiku mzima kabla ya kuyapika. Yanaiva upesi na yanakula kuni chache. Hapo na kwenye mapishi mengine tukaokoa saa 4 za jiko na saa 2 za kuni. Jumla saa 11. Zikabaki saa 50.

Tukazigawa. Mke wangu saa 18, mimi saa 18, kijana saa 7, binti saa 7. Maji, kuni na kufua vikawa vyangu, pamoja na chakula cha jioni siku tatu kwa wiki na siku zote za zamu yake ya usiku. Kijana akapewa vyombo na kufagia uwanja. Alinung'unika. Binti akapata muda wa kusoma.

Baada ya miezi mitatu nilihesabu tena. Yeye saa 66, mimi saa 63. Nikamwonyesha kwa fahari. Akasema, "Zile tatu bado nakudai." Hadi leo hunikumbusha.

Barua ile haikupelekwa. Alifanya kazi mpaka alipostaafu, na bondeni kuna watu wazima leo waliozaliwa mikononi mwake. Wengine wananipita njiani wakiendesha pikipiki, wananiamkia, "Shikamoo Mwalimu," wala hawajui kwamba kuja kwao duniani salama kulihusiana na madumu ya maji kwenye baiskeli.

Walivyosema watu

Msidhani ilikuwa rahisi. Mwanamume aliye mtoni na nguo za watoto huonwa na kijiji kizima. Walisema nimelishwa limbwata. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama mke wangu ndiye aliyenioa. Nilinyamaza, maana niliyekuwa nikifua nguo zake ndiye aliyemzalisha mke wake mtoto wa tatu.

Aliyenitisha zaidi alikuwa mama yangu mzazi. Alishuka kutoka Ufipa kuja kututembelea, akanikuta nimeinama juu ya karai la nepi. Siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu nilikuwa natia kuni jikoni, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mwanangu, baba yako, Mungu amrehemu, hakunichotea maji hata siku niliyotoka kujifungua. Kama ningepata wa kunichotea, mgongo wangu usingekuwa hivi." Kisha akanielekeza nilivyokuwa nakosea kupanga kuni.

Wapo wasemao kupika si kazi ya mwanamume katika mila. Napenda tuitazame historia kidogo. Zama za ukoloni hapa Tanganyika, wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani kwa Wazungu na matajiri walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume. Babu zetu walitoka hata mikoa ya mbali kwenda kupika na kufua mijini. Watumishi wa majumbani na mahotelini walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, na mwishoni mwa mwaka 1956 waligoma Dar es Salaam kudai haki zao. Hata leo ingieni jikoni kwenye hoteli kubwa au kwenye kambi ya jeshi, mtawakuta wanaume na miiko. Basi mwiko haujawahi kumdhuru mwanamume aliyelipwa. Unamdhuru tu, eti, pale anapompikia mkewe bila malipo. Hiyo si mila. Ni hesabu ya fedha iliyovaa nguo za mila.

Sheria na taifa

Jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu pia, na likawauliza wanaume wa vijijini wanafanya kazi saa ngapi. Wengi wetu tulilikariri Azimio kwa mtihani, tukaimba na nyimbo. Ukurasa ule tuliupita haraka.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipopima matumizi ya muda wa wananchi katika utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006, na tena wa mwaka 2014, iliona kwamba kazi za nyumbani zisizo na malipo zinachukua muda mwingi zaidi wa wanawake kuliko wa wanaume. Azimio lilikuwa na umri wa karibu nusu karne, na hesabu bado ilikuwa ile ile.

Mahakama nayo ilikwisha kusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali za wanandoa wanaoachana itazame mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Swali likawa, je, kupika, kufua na kulea watoto ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilijibu kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali za familia. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa mali, kwa sababu nyingine za kesi yake, lakini kanuni ile imebaki na inatumika hadi leo. Kwa hiyo mwanamume anayesema "nyumba hii nimeijenga peke yangu" asidhani mahakama itamkubalia. Aliyekupikia ulipokuwa unajenga naye alikuwa fundi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Ni jambo jema. Lakini hakuna mkaguzi wa kazi anayeingia jikoni saa nne usiku kuuliza, "Mama, zako zimefika ngapi?" Mkaguzi huyo ni dhamiri ya aliye naye ndani. Sheria hiyo hiyo inampa baba aliyepata mtoto likizo ya siku zisizopungua 3 zenye malipo. Nawasihi ninyi mlio kazini, siku hizo ni za kuchota maji na kufua nepi. Si za kuzunguka mtaani kupokea pongezi.

Kuhusu mtumishi wa nyumbani

Wenzangu wa mijini watasema, "Mwalimu, sisi tuna msichana wa kazi." Sawa. Si kosa kuajiri mtu. Lakini jiulizeni maswali mawili. La kwanza, huyo binti anafanya kazi saa ngapi? Mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi mbele ya sheria, ana mkataba wake, mshahara wake na siku yake ya kupumzika. Akiamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku, basi mmehamisha tu ule mzigo kutoka mgongo mmoja kwenda mgongo mwingine ulio mchanga zaidi. La pili, siku anapokwenda kwao kusalimia, ni nani kati yenu anayeingia jikoni? Hapo ndipo mtajua kama mmegawana kazi au mmeificha.

Jibu la swali

Sasa nijibu swali nililoanza nalo. Saa ngapi? Hakuna namba moja kwa nyumba zote. Nyumba yenye mtoto mchanga si sawa na nyumba ya wazee wawili kama sisi. Nyumba yenye bomba uani si sawa na nyumba inayotegemea mto. Lakini kipimo kipo, nami nakipendekeza hiki: chukua saa za kazi ya mshahara, jumlisha na saa za kazi ya nyumbani. Jumla ya mume na jumla ya mke zikaribiane. Mmoja akikaa kazini saa nyingi zaidi, ni haki afanye chache nyumbani. Mmoja akiwa hana ajira, nyumbani afanye nyingi. Lakini wote wawili wakitoka asubuhi na kurudi jioni, hakuna hoja ya mmoja kukaa na gazeti.

Tuhesabu pamoja. Wiki saa 168. Toa 45 za kazi na 56 za usingizi, zinabaki 67. Tuseme nyumba yenu inahitaji saa 40 za kazi. Akizifanya mmoja, anabakiwa na 27 kwa wiki nzima: za kula, kuoga, kusali, safari ya kazini, shamba, na ugonjwa wa ndugu. Mkizigawa, kila mmoja ana 20. Ni saa mbili na nusu kila siku ya kazi, na saa saba na nusu mwisho wa wiki. Kila mmoja anabakiwa na 47. Hapo nyote wawili mna muda wa kusoma kitabu, kwenda mkutano wa kijiji, au kuketi tu mkazungumza. Mke wangu nami tuligundua mwaka ule kwamba kabla ya daftari hatukuwa tumezungumza kwa muda mrefu. Tulikuwa tunapeana taarifa.

Na ninyi vijana mtakaoanza maisha katika chumba cha kupanga, msingoje kuoa ili chumba kifagiliwe. Asiyeweza kujihudumia hatafuti mke, anatafuta mtumishi. Na binti za siku hizi wamesoma, watalijua hilo siku ya kwanza.

Mtaniambia mambo yamekuwa rahisi. Ni kweli, mashine za kusaga zimewapumzisha wengi na vinu. Serikali ina kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Nayaunga mkono yote hayo kwa mikono miwili. Lakini mtungi wa gesi haupiki wenyewe. Bomba likija uani, bado ni mkono wa mtu unaoshika ndoo. Mashine hupunguza kazi, hazigawi. Kugawa ni kazi ya watu.

Neno la mwisho

Ninyi wa Ufipa mnajua kilimo cha ntumba, na walimu wageni niwaeleze. Wazee wetu hawachomi nyasi zote. Wanazikusanya, wanazifukia chini ya udongo, wanainua kilima kidogo. Nyasi zinaoza mle ndani kimya kimya. Msimu unaofuata wanakisambaza kile kilima na kupanda ulezi au mahindi. Mgeni akipita anasifu mahindi. Nyasi hazioni. Lakini mkulima anajua mahindi yale yamekula nini.

Kila mmoja wetu aliyesimama hapa leo kutajwa cheo chake, mkurugenzi, daktari, mwalimu, ana nyasi zake zilizofukiwa. Yupo mtu aliyechota, aliyepika, aliyefua, na jina lake halikusomwa kwenye orodha ya wageni. Wengine wenu mtu huyo mmemwacha nyumbani leo, anawatayarishia chakula cha usiku.

Ombi langu kwenu wazee wenzangu ni dogo. Mkirudi nunueni daftari. Andikeni kwa wiki moja tu, bila kudanganya, nanyi mwombeni mwenzenu alikague. Na kwenu ninyi vijana, ile karatasi ya zamu iliyo ukutani bwenini, siku mtakapomaliza shule msiiache hapo. Ichukueni, nendeni nayo, mkaibandike katika nyumba zenu.

Mimi naomba radhi, sitakaa mpaka mwisho wa sherehe. Gari la kuteremka bondeni ni moja tu, na leo ni zamu yangu ya kupika.